Matundu

Ghassan alikuja Ijumaa kutoka Maskati
na kidude cheupe, kimevikwa kitambaa,
mviringo kama kichwa cha mtoto wa miaka miwili.
"Mama, hiki utakiamrisha tu. Taa, kiyoyozi, bei ya dhahabu.
Hutanyanyuka tena."
Nikamtazama.
Nani kamwambia nimechoka kunyanyuka?

Mimi ni mshona kofia, hapa Ibra,
mwaka wa thelathini na nane huu.
Kazi yangu ni matundu.
Natoboa bafta, nazungusha uzi, tundu kwa tundu,
ili kichwa cha mtu kipate hewa.
Kwa hiyo sikuona rangi yake wala uzuri wake,
niliona vitobo vinne utosini,
vidogo, safi, vimetobolewa na asiye na haraka.
Haya matundu ya nini?
"Ya kusikilizia, mama."
Kusikilizia nini?
Akacheka, akaenda zake kutafuta soketi.

Siku tatu nilikitumia, sikatai.
Nilikiamuru kwa Kiarabu, kikatii.
Usiku wa nne nimeinamia kofia ya bwana harusi wa Mudhaibi,
nikakiuliza saa ngapi,
na saa ya ukutani iko mbele ya pua yangu
inagonga.

Mkono ukanisimama hapo hapo,
kastabini kidoleni.

Nikakigeukia, nikakisemesha kwa lugha ya nyumbani:
We, unanisikia?
Kikawaka buluu, kikazungusha mwanga wake,
kikaniomba radhi kwa Kiarabu cha redio:
hakikufahamu.
Nilicheka peke yangu mpaka uzi ukachomoka.
Kumbe nyumba hii ina chumba kimoja
ambacho mlango wake hakiujui,
na ndimo mama aliponifunza kuhesabu.

Nikarudi kwenye bafta, na mdomo ukatoka na ubeti:

*Sindano na tundu lile, sikio haikupewa,*
*Haiulizi ya mbele, wala ya nyuma kujuwa,*
*Naiweka palepale, kesho nitaichukuwa,*
*Chombo kisicho kelele, ndicho changu cha muruwa.*

Mmoja tu. Wa pili haukuja,
na kofia ilikuwa ya Alhamisi.

Simu nayo ilikuwa ikilala pajani kama paka.
Ikitetema, naitazama; nikiitazama, hesabu inakwenda.
Kofia mbili za mwaka jana zina safu iliyopinda.
Wenyewe wamezivaa, hawajaona.
Mimi nimeona.
Sasa inakaa kwenye bakuli la udongo la halwa,
kifuniko juu.
Ikiitwa huvuma humo ndani kama mende aliyepotewa na njia,
nami namaliza safu kwanza.

Wala msinifanye mtawa.
Juni ya Ibra haina ushujaa, kiyoyozi nakiwasha.
Miwani naipenda kuliko baadhi ya jamaa zangu.
Na Alhamisi baada ya laasiri nafunua bakuli
kwa ajili ya dada yangu Mwatima, yuko Kikwajuni.
Ananionesha jino lililong'oka,
anageuza simu dirishani,
na mvua ya kule inanyesha mkononi mwangu,
mimi niliyekaa miezi saba bila tone.
Simu ya namna hiyo siitupi.
Nikimaliza nafunika.

Jana Ghassan kaja tena.
Katazama mezani, katazama dirishani,
kaona waya umeviringwa vizuri, umefungwa kwa uzi wangu.
"Mama, kiko wapi?"
Nikamwonesha juu ya friji.
Nimekivika kofia ya mjukuu wa Bi Zayana,
imefuliwa, imetiwa wanga,
inakauka ikishika umbo.
Kalibu ya mbao ya saizi ile ilipasuka zamani
na fundi aliyeichonga hayupo.

Kakizunguka, kainama, kakitazama.
Matundu ya kofia juu ya matundu yake,
hewa ikipita.
"Kinakaa vizuri," kasema, kwa sauti ndogo.

Nikamwambia asikiguse, wanga bado mbichi.